Anaijua Sheria, Mkono Unagonga

Watu wakisikia majeruhi wa ajali ya pikipiki ametoka hospitalini huuliza mambo matatu: anatembea? anaongea? anawatambua? Mume wangu alikuwa na majibu mazuri kwa yote matatu. Alishuka kwenye gari kwa miguu yake, akawasalimia majirani kwa majina, akamtania mjomba wake kama kawaida yao. Mama mkwe wangu alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Tukapika pilau. Kumbe shida yetu ilikuwa haijaanza hata kupewa jina.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Sayansi nimeifundisha miaka mingi, na mada ya mfumo wa fahamu nimeifundisha kwa chati ile ile: ubongo, uti wa mgongo, neva zinazosambaa hadi kwenye ncha za vidole. Wanafunzi wangu hujibu bila kusita kwamba ubongo ndio unaofikiri na kuviamuru viungo. Sikuwahi kutundika chati inayosema kwamba haya, subira, na uaminifu wa mtu kwa neno lake navyo vina mahali pake ndani ya fuvu, na kwamba mahali hapo panaweza kuumia wakati kila kitu kingine kimepona.

Kabla ya ajali mume wangu alikuwa seremala wa kutafutwa kwa tochi. Ufundi alikuwa nao, lakini mafundi wenye ufundi ni wengi. Sifa yake ilikuwa tarehe. Mafundi tunawajua: "njoo Jumamosi mama," Jumamosi ikifika mbao hazijakatwa. Yeye akisema kitanda ni Ijumaa, Ijumaa kimeshapakwa vanishi na kimekauka. Kianzio cha kila mteja alikiweka kwenye bahasha yenye jina la mteja huyo, na hata tulipolala bila mboga bahasha ile haikuguswa. Alikuwa mkimya na mwenye haya. Mbele ya mama yangu mzazi hakuwahi kula akashiba.

Siku ya ajali alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda akitokea Msamvu, hapa hapa mjini. Lori likawabana pembeni, wakaanguka. Dereva alikuwa amevaa helmeti, akavunjika mkono. Abiria hakuwa nayo. Tafiti zilizowahi kukusanywa na kuchambuliwa pamoja zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 69. Takwimu hiyo mimi naiona kwa macho kila nikikutana na yule dereva, maana mkono wake uliunga na bado anabeba abiria.

Kwenye faili lake la hospitali waliandika 9/15. Mwalimu akiona tisa kwa kumi na tano, mawazo yanakimbilia kwenye madaraja. Muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba hicho ni kipimo cha fahamu kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na madaktari wawili, Teasdale na Jennett. Kinaangalia macho yanafunguka vipi, mgonjwa anajibu nini, na viungo vinaitika vipi. Mwenye fahamu kamili anapata 15. Alama ya chini kabisa ni 3, ambayo hata maiti anaipata. Kila asubuhi niliuliza namba kwanza, salamu baadaye. Ilipofika 15 tukakumbatiana wodini na watu tusiofahamiana. Leo najua 15 ina maana gani: anafungua macho, anajibu kwa mpango, akiambiwa inua mkono anainua. Namba hiyo haimjui alikuwa mtu wa namna gani.

Kuna jambo moja lililonitatiza tangu mwanzo, nikaogopa kuliuliza kwa sababu nilidhani wamechanganya picha. Kidonda chake kilikuwa kisogoni. Picha ya siti skani ilionyesha damu na uvimbe mbele, juu kidogo ya macho, kulia na kushoto. Daktari kijana aliyekuwa zamu hakunidharau. Alichukua karatasi akachora. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi, na ukiwa hai ni laini kama mtindi ulioganda. Umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami kwa nyuma, fuvu linasimama ghafla na ubongo unaendelea na safari yake, kisha unarudi. Sakafu ya fuvu kwa nyuma ni laini kiasi, lakini mbele, juu ya matundu ya macho, ina matuta na kingo kali. Hapo ndipo ubongo unapochubuka. Tena nyuzi nyembamba za neva zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hunyooshwa na kukatika kwa ule msukosuko, na nyingi kati ya hizo picha ya kawaida haizioni. Kwa hiyo usitegemee picha ikuambie yote, akasema. Nilimshukuru, nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye Biblia.

Nyumbani, dalili ya kwanza ilikuja jikoni. Nilimwacha karibu na jiko nikaenda kuanua nguo. Niliporudi moshi wa wali unaoungua ulikuwa umejaa ukumbini, naye amekaa pale pale anaangalia televisheni. Nikamuuliza, husikii harufu? Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuwa anasikia harufu yoyote: wala ya wali, wala ya mafuta ya taa, wala ya mbao, yeye ambaye zamani alimkatalia muuza mbao kwa kunusa tu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nyuzi za neva za harufu hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa juu ya pua, chini kabisa ya sehemu ile ile ya ubongo iliyochubuka. Ubongo ukiteleza, nyuzi hizo hukatika. Pua yake ilikuwa inatuonyesha ni wapi palipoumia, na sisi tukaichukulia kuwa mafua.

Mengine yalifuata haraka. Alimwambia mama mmoja wa kwaya, mbele ya mumewe, maneno juu ya umbo lake ambayo siwezi kuyaandika. Kwenye msiba wa jirani alicheka, kisha akasimulia kichekesho, kisha akakirudia. Alikasirika ghafla kwa jambo dogo na ghadhabu ikaisha ghafla vile vile, akashangaa kutuona bado tunatetemeka. Nilipolia usiku alinitazama kidogo, akauliza kama chai imebaki.

Lakini lililotuangusha ni bahasha. Wateja waliposikia fundi amerudi, walikuja na kazi. Wakaacha kianzio. Alikuwa hajamaliza hata kupima mbao ya kwanza, pesa ya watu wanne ikaishia kwenye sabufa kubwa iliyotikisa madirisha. Nilipomuuliza pesa za watu zitarudi vipi, alinijibu kwa utulivu na kwa usahihi kabisa: pesa ya mteja haitumiwi kabla ya kazi, ukitumia unaua jina lako. Ni maneno yake ya siku zote. Aliyasema huku anaongeza sauti ya muziki.

Kila mtu akawa na maelezo yake. Mama mkwe alisema mwanawe amerudi na kitu kilichompanda pale barabarani, akampeleka kwa mtaalamu wake bila kuniambia, wakarudi na hirizi na deni. Shemeji yangu alisema kaka anajifanya, amegundua kwamba mgonjwa hasutwi. Mtaani walisema pombe. Mimi usiku nilikuwa na maelezo yangu: kwamba huyu ndiye mtu niliyeolewa naye tangu zamani, na ajali imemchosha tu kujificha. Hayo yalikuwa mabaya kuliko ya jini, kwa sababu yalirudi nyuma na kuichafua miaka yetu yote.

Mama yangu alinipigia simu akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani, chumba chako kipo." Nikapanga nguo. Sikuondoka kwa sababu ilikuwa wiki ya mitihani ya darasa la saba, na tarehe ya kliniki Dar es Salaam ilikuwa imekaribia. Natamani niseme ni upendo ulionizuia. Ilikuwa ratiba.

Kule kliniki, daktari wa mishipa ya fahamu alivuta kiti akakaa mbele yake, meza katikati yao. "Fundi," akasema, "mimi nikigonga mara moja, wewe gonga mara mbili. Nikigonga mara mbili, wewe gonga mara moja." Wakafanya. Alikosea kidogo, akapatia. Kisha daktari akabadilisha sheria: "Sasa nikigonga mara moja, gonga mara moja. Nikigonga mara mbili, usigonge kabisa."

"Sawa."

"Hebu nirudie sheria."

"Ukigonga moja, nagonga moja. Ukigonga mbili, sigongi."

Daktari akagonga mara mbili. Mume wangu akagonga mara mbili.

"Sheria inasemaje?"

"Ukigonga mbili, sigongi."

Akagonga mara mbili. Mume wangu akagonga tena. Walirudia hadi nikaanza kulia. Kila mara aliitaja sheria kikamilifu, na kila mara mkono uligonga. Mwisho akacheka, akaniambia mbele ya daktari, "Si nimefanya vizuri?"

"Mwalimu, umeona," daktari akasema. "Kujua kupo. Kujizuia ndiko kulikoumia."

Sijawahi kupata somo zito kuliko hilo kwa vifaa vichache namna ile: meza na vidole. Alinieleza kwamba kulitenda jambo na kulizuia jambo ni kazi mbili zinazofanywa na mitandao tofauti ya neva, na kwamba kumzuia mtu asiseme lililomjia mdomoni, asinunue alichokiona, asicheke msibani, kunategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, hasa ile iliyo juu ya macho. Sehemu hiyo ndiyo inayopima: nikifanya hivi itakuwaje, huyu aliye mbele yangu ataumia kiasi gani, kesho itanidai nini. Ndiyo pia inayochelewa kukomaa kuliko nyingine, mpaka mtu apite miaka ishirini na kidogo. (Hapo nikawasamehe wanafunzi wangu wa darasa la saba makosa kadhaa.) Alexander Luria, mtaalamu wa Kirusi aliyewatibu askari waliojeruhiwa vichwa katika Vita vya Pili vya Dunia, alieleza kwa kina wagonjwa wa namna hii: wanaosema agizo sawasawa na mwili usilifuate. Na mara nyingi, daktari akaongeza, jeraha hilo hilo huondoa uwezo wa mtu kuona kwamba amebadilika. Hadanganyi anapokuambia yuko salama. Chombo cha kujikagua ndicho kilichogongwa.

Tulirudi Morogoro kwa basi. Yeye alilala. Mimi nilikuwa nimebaki na hasira nyingi na sikujua niipeleke wapi, maana yule niliyekuwa namkasirikia, yule aliyekaa akapanga kunidhalilisha, hakuwepo. Msamaha haukunijia barabarani. Ilinijia nafasi ya kufikiri, na kwangu ilitosha kuanzia.

Nikasoma. Wanaosoma habari za ubongo wote hupitia kwa Phineas Gage, nami nikapitia. Alikuwa msimamizi wa kazi ya kupasua miamba ya reli huko Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani, mwenye umri wa miaka 25. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka kabla ya wakati na kurusha mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita hivi. Ulimwingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Baada ya dakika chache alikuwa anaongea, akapelekwa mjini amekaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Daktari John Harlow alimtibu akapona. Kisha mtu aliyekuwa makini na mwenye kupendwa na vibarua wake akawa mtukanaji, asiye na subira, mwenye kupanga mambo na kuyaacha njiani. Marafiki zake wakasema huyu si Gage waliyemjua. Waajiri wake hawakumrudishia kazi.

Kilichonishangaza ni kwamba Harlow aliandika mwaka ule ule juu ya muujiza wa kupona kwake, lakini mabadiliko ya tabia aliyachapisha kwa kirefu mwaka 1868, miaka ishirini baadaye, Gage akiwa ameshakufa. Tabia haikuwa na mahali kwenye ripoti ya daktari. Wale marafiki walikuwa wameshajua zamani. Nilipofika hapo niliwakumbuka majirani zangu wote walioniambia nimshukuru Mungu, si anatembea?

Vitabu vingi humwacha Gage katika ulevi na upotevu. Mtafiti wa Australia, Malcolm Macmillan, aliyezichimba habari zake kwa miaka mingi, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya picha hiyo imeongezwa na wasimuliaji. Baada ya ajali Gage alikwenda Chile, akakaa miaka kama saba akiendesha magari ya farasi ya abiria katika njia ya Valparaíso na Santiago. Fikiria kazi hiyo inadai nini: kuamka mapema, kulisha na kufunga farasi, kupakia mizigo, kupokea abiria kwa adabu, kuwaongoza farasi kadhaa kwa hatamu kwenye njia mbovu. Asiyeweza kujitawala hata kidogo hafanyi hivyo miaka saba. Macmillan aliona kwamba huenda ratiba ile ile, ya kila siku, kwa mpangilio ule ule, ndiyo iliyomsaidia kujirudi kwa kiasi kikubwa. Alikufa mwaka 1860 kwa kifafa, karibu miaka kumi na miwili baada ya mtaimbo.

Hapo nikaacha kusoma juu ya majeraha nikaanza kutafuta Chile yangu.

Nilinunua kaunta buku nikaandika kila ghadhabu: saa ngapi, nani alikuwepo, alikuwa amekula nini, kulikuwa na kelele gani. Sikuandika alisema nini. Hilo liliniumiza bila faida. Baada ya mwezi mmoja ukurasa ulisema wenyewe. Karibu zote zilitokea kuanzia saa tisa alasiri, na zile za asubuhi zilitokea siku za wageni au redio mbili kwa pamoja. Ubongo ni asilimia mbili tu ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia ishirini ya nishati yake mtu akiwa amepumzika, na ubongo ulioumia hufanya kazi ya kawaida kwa jasho la ziada. Ikifika alasiri, kile kidogo kilichobaki cha kujizuia kinakuwa kimetumika. Tukaamua: kazi asubuhi tu, chakula saa sita na nusu, saa saba anaingia chumbani kulala, pazia limefungwa, na hakuna mtu wa kumwuliza jambo la pesa wala la ukoo baada ya saa tisa. Sabufa ilikwenda kwa shemeji. Ghadhabu hazikwisha, lakini zilipungua hadi watoto wakaanza tena kuleta wenzao nyumbani.

Pesa zikahamia kwangu. Malipo yote yaliingia M-Pesa yangu, namba ya siri ninayo mimi. Hili lilileta vita. Mama mkwe alinikalia kikao na wifi zangu, akasema, "Umemfanya mwanangu mtoto." Nikaomba kitu kimoja tu: nikamwita mume wangu, nikafanya lile jaribio la kugonga meza mbele yao. Yule mama aliangalia mkono wa mwanawe mpaka mwisho. Hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata alikuja asubuhi, akakaa naye wakati mimi nikiwa shuleni, na tangu hapo yeye ndiye anayesimamia usingizi wa saa saba kwa ukali ambao mimi sina.

Kuhusu maneno mbele za watu, tuligundua maji. Nikiona sentensi inakuja, nampa glasi: "Maji, fundi." Hapokei shauri lakini glasi anapokea, na mtu anayekunywa maji hasemi. Akimaliza kumeza, mara nyingi lile neno limeshapita. Mchungaji wetu anadhani mume wangu ana kisukari.

Kazi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kitanda kizima hawezi. Kutoka kwenye kipimo, hesabu ya mbao, mpangilio wa kukata, hadi kuunganisha, kuna hatua nyingi za kushika kichwani kwa pamoja, naye hupotea katikati, akaanza kingine. Lakini mpe ubao mmoja apige randa, mpe meza apige msasa, utaona mkono wa fundi yule yule wa zamani, haujapungua kitu. Mambo haya mawili hayakai pamoja ndani ya ubongo. Kuna Mmarekani aliyeitwa Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kumtibu kifafa, akaondolewa sehemu za ndani zinazohifadhi kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo. Kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku aliapa hajawahi kuiona kazi ile. Mkono ulijifunza kwa njia yake, bila kupitia kwa mwenye mkono. Mume wangu kumbukumbu anazo, lakini somo nililichukua: mazoea yana barabara yao, na barabara hiyo kwake ilikuwa nzima.

Kwa hiyo banda lake la useremala tulilifunga. Seremala mwenzake, aliyekuwa akimwonea wivu zamani, alikubali kumpa randa na msasa tu, kazi moja kwa wakati, ubaoni pameandikwa kwa chaki kinachofuata. Analipwa kila Jumamosi, kwenye simu yangu. Pesa za kwanza zote zilikwenda kwa wale wateja wanne. Shemeji alisema tungewaeleza tu kwamba mgonjwa hakuwa na akili timamu. Nilikataa. Jeraha linaeleza kwa nini pesa ilitumika. Halimpi mteja kitanda. Na mume wangu alilipa kwa mikono yake mwenyewe, ubao kwa ubao, hata kama ukimuuliza hana hakika anamlipa nani.

Kanisani kwetu ushuhuda una mwendo wake: taabu, maombi, muujiza, makofi. Niliposimama, nilisema watu waliomba na mimi niliomba, na kwamba Mungu alinijibu kwa daktari mwenye vidole viwili na meza. Nikaeleza harufu, nikaeleza saa tisa. Nikasema hajarudi alivyokuwa, na kwamba madaktari wanasema sehemu kubwa ya nafuu huja miezi ya mwanzo, kisha mwendo ni wa polepole. Makofi yalikuwa machache. Baada ya ibada wanawake watatu walinisubiri nje. Mmoja mtoto wake alianguka kwenye mwembe. Wa pili mume wake ni bodaboda. Wa tatu alitaka tu kujua lile jaribio linafanywaje. Yule wa kwanza nilimwambia asianze na tabia, aanze na pua: amfumbe macho mwanawe, amsogezee kahawa na sabuni, kisha aende hospitali na jibu hilo.

Mwaka jana mume wangu alianguka kifafa kwa mara ya kwanza. Nilijua kinaweza kuja. Kovu ndani ya ubongo linaweza kuzua kifafa hata miaka baada ya jeraha. Nilimlaza ubavu, nikaangalia saa, sikumtia kijiko mdomoni ingawa mtaa mzima ulinipigia kelele nifanye hivyo. Sasa anatumia kabamazepini asubuhi na jioni, na mama mkwe ndiye mwenye kopo.

Mimi nimebadilika pia. Nimekuwa mkali wa ratiba, sicheki haraka, na yupo mume mmoja ninayemlilia akiwa hai, huku nikishinda na mwenzake. Huyu wa sasa simwoni kama mgeni tena. Ana ucheshi ambao yule hakuwa nao, anawapenda watoto waziwazi, na akiniona nimevaa vizuri anasema, mbele ya yeyote. Yeye mwenyewe hadi leo hakubali kwamba kuna kilichobadilika kwake. Anasema ajali ile iliniharibu mimi.

Wiki hii ameamua tununue pikipiki. Ametafuta bei, amepata dalali, na ameshanieleza kwa ufasaha kwa nini mtu mwenye kifafa haruhusiwi kuendesha. Alitaka jibu jana saa kumi jioni. Nimemwambia tutaongea Jumamosi asubuhi, akishakunywa chai.